Bei Nyuma ya Kalenda

Jumanne, Dayton, Ohio. Theluji imegeuka tope la kahawia
nami nahesabu bei ya vali moja,
ndogo kama kungumanga,
ya kupitisha mafuta kwenye kitu kirukacho bila rubani.

Mkataba ni wa ile njia nyepesi:
hauna vitabu vinene, hauna viapo vya gharama.
Ulitungwa ili wasioujua mlango wa serikali
nao wapige hodi.
Mkuu wangu, Bi. Prudence Aldergate, ananionya:
"Nyepesi si tupu. Bei iwe ya haki,
na ni wewe utakayeandika kwa nini."

Kampuni kubwa ya ng'ambo ya mto ilileta kurasa mia sita.
Humo kila skrubu ina baba na mama,
kila saa ya fundi imevikwa joho la gharama za ofisi,
juu ya joho kilemba, juu ya kilemba faida,
hata vali ikasimama dola elfu moja mia tisa na kumi.
Nilizisoma zote. Usiku nikaota asilimia.

Lyle Hostetler alileta kalenda.
Ya mwaka juzi, ya duka la chakula cha mifugo,
ng'ombe mbele, hesabu nyuma kwa penseli:
chuma cha pua, thelathini na nane.
Mashine, saa tatu.
Umeme, "kadiri."
Jumla, mia mbili na sita.
"Hapo ndipo mwisho," akasema, "siwezi kushuka tena."
Nami sikuwa nimefungua kinywa.

Mama aliuza maharage Uvira kwa kopo.
Alilijua kopo, aliijua nyongeza,
ile konzi ya mwisho
inayomrudisha mnunuzi kesho.
Kupatana kulikuwa na ngazi zake:
taja, cheka, ondoka, itwa.
Sikumwona hata siku moja mnunuzi aliyesema,
mama, umetaja kidogo.

"Bwana Lyle, mashine anaiendesha nani?"
"Mimi."
"Unajilipa nini?"
Akamwangalia ng'ombe.
"Na vitabu?"
"Darlene. Mezani, tukishakula."
"Naye?"
Hakujibu. Akalamba ncha ya penseli
kama mtoto aliyekosa jumlisho.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hapa daftari lipo,
waliopotea ni wawili, mume na mke.

Nikapiga mstari. Nikaandika: ujira.
Nikaandika: Darlene.
Viwango ni vya mafundi wa kaunti hii, si vya huruma yangu.
Nikaandika faida, asilimia saba, akaja juu,
ati faida ni neno la wale wa ng'ambo.
Dakika arobaini tukabishana kinyumenyume,
yeye akivuta chini, mimi nikivuta juu,
kama wawili wanaogombea kulipia chai.
Mia nne na kumi na nane.

"Umeipandishia serikali bei?" Bi. Prudence, miwani puani.
Nikamwambia: kwa mia mbili tutapata vali mwaka mmoja.
Wa pili karakana ina kufuli,
nasi tunarudi ng'ambo ya mto, kofia mkononi.
Rahisi ghali, Bibi.
Akagonga mhuri. Hakutabasamu,
ila aliuliza kama Darlene ameambiwa.

Kalenda sasa ni kiambatisho cha tatu,
pamoja na doa la kahawa na ng'ombe wake.

Limebaki jambo dogo.
Vali itafunguka angani, mahali nisipotajiwa,
juu ya mapaa ya watu,
nami natoka mji unaoijua sauti ya kitu kinachozunguka juu
na kimya cha jikoni kinachoifuata.
Nimeitafuta safu ya jambo hilo kwenye jedwali,
juu, chini, ukurasa wa nyuma.

Kuna safu ya usafirishaji.