Ukoga

Mama alinifunza kuusugua:
mchanga kiganjani, kumbi la nazi,
mtungi utakate mpaka ndani ya shingo
kabla mgeni hajanywa akatucheka.
Ukoga, alisema, ni uvivu wa mtu
ulioota mizizi.

Leo naulea.
Nje kidogo ya Ruangwa, bondeni,
matangi sita yaliyokatwa katikati,
ndani yake maji ya marudio, yale yaliyoosha dhahabu.
Nayakoroga kwa mwanzi asubuhi,
nayakoroga jua likiwa utosini,
na Chilumba, kijana wa maabara,
huchota kwa chupa, huinua juani,
husema, "Shangazi, umenenepa!"
Hanisemi mimi.

Zebaki niliijua kabla.
Niliiviringisha kiganjani, ikakimbia, ikagawanyika,
ikarudiana kama ndugu waliogombea shamba.
Tuliichoma kwenye kikaango kilekile
tulichokaangia korosho za watoto.
Mkwapata, mume wangu, ndiye aliyepuliza moto.
Siku hizi akishika kikombe cha uraka
nusu hunywa yeye,
nusu hunywa shati.

Chilumba anasema kila chembe ya kijani,
ndogo hata jicho haliioni,
ngozi yake ina kulabu:
hunasa zebaki, hunasa risasi, haiachii.
Mimi nasema ina uchoyo.
Uchoyo wa namna hii Mungu auzidishe.

Tuliuanika kwenye turubai kuukuu la korosho
(halitarudi ghalani tena),
tukaukamua. Madebe matatu ya ukoga mkavu,
mafuta nusu chupa ya soda.
Watu wakauliza: pikipiki ya nani
itafika Nachingwea kwa hayo?
Haikufika.
Ilinguruma uani, ikanuka samaki, ikazima.
Lakini ilinguruma,
na Mkwapata alikuwa ameushika usukani,
mashine ikitetemeka, mikono ikitetemeka,
na kwa muda ule mfupi
hakuna aliyejua kipi ni kipi.
Alicheka. Nilikuwa nimesahau pengo lake la kushoto.

Makapi hayawi mbolea, hayapewi kuku.
Ndimo sumu ilimohamia.
Tunayafunga kwenye pipa, pipa tunalizungushia saruji,
na juu yake nimeandika kwa rangi nyekundu,
herufi kubwa kama za ukuta wa shule:
USIFUNGUE.
Sijui nimemwandikia nani.

Nyumbani, mtungi wangu
bado nausugua.