Kidato cha Tisa

Kazi yangu, hapa Walsall, ni kuvunja ngazi.
Nalipwa kwa saa. Navaa miwani na buti za chuma,
natundika kilo mia na hamsini kwenye kidato,
nahesabu dakika moja, nashusha, napima kilichopinda,
naandika: milimita mbili. Imepita.
Mama akipiga simu nasema niko maabara,
naye huwaambia majirani mwanawe ni daktari.

Anayetulipa ni mwenye ngazi.
Hilo sikulielewa wiki ya kwanza.
Analeta ngazi, anatoa pauni mia tisa,
kisha mimi ndiye wa kumwambia kwamba ngazi yake ni uongo.
Akikasirika, kuna maabara nyingine Coventry,
na kule, wanasema, chai ni nzuri na mizani ina huruma.

Walter Tranter alikuja na ya mbao,
mbao aliyoikausha miaka miwili.
Chini ya kidato cha kwanza kachoma jina lake kwa chuma cha moto.
"Baba yangu hakuwa na stika," akasema.
"Alikuwa na mtaa mmoja, na kanisa moja.
Ngazi ikivunjika Ijumaa, Jumapili utakaa benchi gani?"
Nikaitundikia mzigo. Haikuguna.
Nikaifelisha.
Herufi za onyo zilipungua urefu, milimita moja,
na mchoro wa mtu anayeanguka
ulianguka kushoto badala ya kulia.
Tranter hakurudi, wala hakuichukua.
Karakana yake leo wanaosha magari.

Ningekuwa mtu wa soko, shauri lingeishia hapo:
waacheni watu wauze, waacheni watu wachague,
kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Ila siku hizi kibaya kinapigwa picha vizuri
na kinafika mlangoni kesho kabla ya adhuhuri.

Balbir Sahota, msafisha mifereji ya paa, mtaa wa Caldmore,
alinunua ya aluminiamu, pauni thelathini na tisa.
Nyota nne na nusu. Watu mia sita wameisifu.
Jumanne moja ya Novemba, kidato cha tisa kilimwacha.
Nyota moja huandikwa na aliyekwisha kuanguka,
na Balbir alibaki na mkono wa kushoto tu wa kuandikia.
Alipofika kwenye nukta, muuzaji alikuwa amebadili jina.
Ngazi ileile. Nyota tano.

Soko hujifunza, sikatai.
Hupanda kidato kwa kidato kama mwanafunzi yeyote.
Ninachouliza ni karo. Analipa nani?

Na serikali?
Mkaguzi wake nimemwona mara moja, Bi Philippa Onslow,
mpole, wilaya tatu, gari lenye taa moja.
Alisaini kitabu, akaomba msalani,
akasema bajeti, akasema mwakani.
Kanuni zenyewe ni kurasa sitini na nne, hazina jina la mtu,
ila kile kifungu cha mpira wa miguuni:
"sakafu iliyolowa maji na sabuni".
Nani angekumbuka sabuni
kama hakusikia kishindo jikoni?

Mpanda ngazi hushuka, tulifundishwa,
wakikusudia kiburi.
Hawakutuambia kuna kushuka kwa namna mbili.

Leo ngazi ya Balbir iko mezani kwangu. Watu wa bima wanataka ripoti.
Cha nane, sawa. Cha kumi, sawa.
Cha tisa, kilehemu chembamba kama ukucha.
Nimejaza fomu yote.
Haina kisanduku cha nani alipaswa kujua.

Nyumbani ninayo ile ya Tranter, haramu kwa milimita moja.
Jana balbu ya korido iliungua, nikaiegemeza ukutani.
Nilimwamini mzee. Hata hivyo, kabla ya kupanda,
nilikikanyaga kidato cha kwanza mara tatu,
kwa nguvu,
palepale penye jina.