Kerezo la Bohdana

Ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi juzi,
kijani kibichi hadi kwenye vichwa vya boliti,
hadi juu ya kibao chenye namba ya kiwanda,
na Hrabovec, mchuuzi wa Žilina, akaizunguka
kama mshenga mwenye haraka:
"Imefanyiwa kila kitu, bwana. Kama mpya."
Nikashika gurudumu la mkono, nikazungusha kulia,
nikarudisha kushoto:
robo mzunguko nzima halikusukuma kitu.
Kibaya chajitembeza, na hiki kilivishwa kwanza.
Nikamwachia kijani chake.

Ya pili ilikuwa Čadca, stoo ya shule ya ufundi,
gia tatu mapengo,
mota yanuka mkate ulioungua.
Begi la vipimo sikulifungua.

Ya tatu alinitajia muuza misumari:
"Jaribu kwa mjane Bohdana, kule juu Zborov.
Ila uvue viatu."

Theluji magotini. Ngazi za kushukia chini ya nyumba
ni kumi na moja; nilizihesabu nikiteremka,
maana kilo mia sita za chuma hupandishwa mara moja
na mgongo hausahau.
Turubai, mablanketi mawili, na chini yake
kerezo lenyewe, jeusi kwa mafuta, bila kutu,
rangi imebanduka pale tu
kiwiko kilipozoea kupumzika.

"Mimi usiniulize," akasema, "najua sauti yake tu.
Ikiwa nzima inakoroma, kama mtu aliyeshiba.
Ikipiga chafya, Ctibor huizima."
Alisema *huizima*. Sikumsahihisha.

Nikawasha kurunzi. Nikapitisha ukucha kitandani,
kutoka mkiani kwenda kichwani:
laini,
laini,
laini,
kisha, shibiri moja kabla ya taya, ukucha ukazama.
Saa ya kupimia haikubishana nao:
sehemu nane za mia za milimita.

"Alikuwa akikereza nini?"
"Bushi. Za trekta, za vigari vya watoto,
za kinu cha akina Gavlas. Bonde zima hili
lilikuwa na kitu kifupi kilicholegea."

Vitu vifupi, basi. Miaka thelathini na minne
kisu kikienda shibiri, kikirudi shibiri,
na huku nyuma mita nzima ya kitanda
imelala kama chumba cha wageni.

Nilikaa juu ya ndoo, nikafikiri sana.
Mbuzi wa Hrabovec alikuwa guniani.
Huyu amesimama mbele yangu, anachechemea mguu mmoja,
na mguu wenyewe nimeupima.
Naweza kuishi na sehemu nane
nikijua zinakaa wapi.

Alitaka mia tisa. Nikasema mia saba.
"Ctibor aliniambia nianzie elfu," akajibu,
"nikaona haya."
Tukaachana kwenye mia nane, na kreti la gia,
na chupa ya pombe ya plamu ambayo sikuomba.
Ufunguo wa taya alikataa kuutoa:
anavunjia lozi.

Wanaume wanne, mbao, mnyororo, siku mbili.
Tukang'oa mlango wa gereji yangu kwa fremu yake.
Mke wangu Želmíra aliuliza jambo moja tu,
gari litalala wapi,
na mpaka leo linalala nje.

Jumapili jioni simu ikalia.
"Umeshaiunganisha?"
Nimeiunganisha.
"Basi iwashe, nisikie."

Nikawasha. Nikanyoosha mkono wenye simu
karibu na kichwa cha mashine,
nikasimama hivyo kama mtu anayemulika njia,
dakika moja, mbili, mkono ukaanza kufa ganzi.
Nilipoirudisha sikioni alikuwa bado yupo.

"Ina chafya kidogo," akasema.
"Kaza mkanda."