Herufi Ishirini na Nne

Julai, Mbeya. Baridi imelala juu ya bati la karakana
na mimi napiga randa mlango wa mteja wa Uyole,
mlingoti mbichi, nusu ya hela.
Nyuma ya pazia Ambakisye anakohoa.
Nakijua kikohozi chake
kama nijuavyo msumeno uliopoteza meno.

Nimonia ya sita, na darasa la pili hajalimaliza.
Bibi yake, toka Tukuyu: "Ni ukungu huo, mvike sweta."
Nikamvika mbili.
Jirani akasema jini,
akamtaja na shemeji yangu aliyelituma.
Siku nne sikuitikia salamu ya shemeji.
Hilo naliandika ili linione haya.

Dokta Kalinga alichukua damu, vijiko viwili,
akaituma nchi za watu.
Damu ya mwanangu imepanda ndege. Mimi bado.

Miezi mitano, karatasi moja.
Aliiweka mezani, akatazama vumbi la mbao kwenye kucha zangu.
"Fundi, mlango usio na bawaba unaitwaje?"
Nikasema, "Ubao."

Basi akanieleza kwa lugha ya karakana:
ndani ya uboho wa mifupa huzaliwa seli B,
wanagenzi, kazi yao kuunda kinga.
Wakitoka wangali wachanga,
lazima wasikie neno moja, *Ishi*,
neno linalozunguka damuni likitafuta pa kushika.
Pa kushika ni kipokezi:
kimepigiliwa kupita ukuta wa seli,
kichwa nje, mkia ndani.
Neno likigusa kichwa, mkia hutikisika,
na mwanagenzi hafi.

Maelekezo ya kukichonga yako kwenye jeni.
(Jirani alikosea herufi moja tu.)
Na kwenye jeni ya Ambakisye
herufi ishirini na nne hazipo.

Ungedhani sentensi ingevunjika.
Hapana. Zinasomwa tatu tatu,
na zimetoka tatu tatu, kwa adabu,
sentensi inasomeka mpaka nukta.
Kilichokosekana ni kipande cha katikati,
kile cha kupita ukutani.
Kwa hiyo kigingi hakishiki.
Neno linafika, linabisha, halijibiwi.
Wanagenzi karibu wote wanakufa
hawajagusa randa.

"Kwangu, au kwa mama yake?"
"Kwenu wote. Kila mmoja ana nakala nzima na nakala pungufu.
Mtoto amepokea pungufu mbili."

Mke wangu Atupakisye alitazama sakafu.
Chini ya meza nikamgusa kwa goti.
Hatukuwa na lingine la kufanya na miguu yetu.

Sasa kila wiki ya nne, ikipatikana,
wanamtundikia chupa: kinga za watu maelfu,
wasiojua Mbeya iko wapi,
zinashuka tone, tone, kwenye mkono mwembamba.
Ikikosekana tunarudi na sweta.
"Hawa watu wanajua jina langu?" aliuliza safari moja.
"Hawajui."
"Niwaambie?"
Akalisema, polepole, akiiangalia chupa.

Nilimwomba daktari aniandikie hizo herufi.
Alishangaa, kisha akaandika,
A na C na G na T zikipishana,
mistari miwili nyuma ya cheti cha dawa.
Usiku nilipanda kigoda, nikazinakili
kwa penseli ya fundi
juu ya mlango wetu, upande wa ndani, ishirini na nne.
Sijui kuzitamka.
Sikusema zinaponya; Atupakisye aliuliza, nikanyamaza.

Lakini asubuhi, akienda shule,
Ambakisye husimama pale kwa vidole vya miguu
na kunyoosha mkono azifikie.

Mwaka jana zilibaki shubiri tatu.
Leo nimepima.
Mbili, na vidole kadhaa.