Tarakimu za Rachawadi

Ubao ulining'inia juu ya dirisha la tatu,
benki ndogo mjini Korat, mkabala na duka la hariri.
Kila asubuhi Rachawadi alipanda stuli
akabadilisha senti: sitini na mbili, sabini, sitini na tano.
Mbili na tano za mbele hakuzigusa.
Aliajiriwa akazikuta, vumbi limezigandisha kwenye misumari,
na kila mteja aliyeinua macho alizisoma
kama mtu asomavyo jina la baba yake.

Bahti ishirini na tano, dola moja.
Kwetu sisi, bahti ni bahati iliyopungukiwa herufi.
Kule nani alihesabu herufi?

Bwana Thawi, muuza rangi za nyuzi, alikopa dola:
riba yake ilikuwa nafuu kuliko ya nyumbani.
"Nitapoteaje?" alisema, akitia sahihi kwenye kaunta.
"Serikali imeshafunga kamba, mimi nakula majani."
Kukopa kulikuwa harusi. Walipanga foleni
mwenye kiwanda cha viatu, mwenye ghorofa lisilo paa,
daktari wa meno aliyetaka kiti cha Ujerumani,
na hakuna aliyeuliza kigingi kimechimbiwa wapi,
wala ni akiba ya nani inayokishikilia usiku.

Jumatano moja ya Julai simu ililia kutoka makao makuu.
Sarafu itaelea.
"Itaelea, au itazama?" Rachawadi aliuliza.
Meneja akampa bisibisi.

Mbili ilipong'oka, nyuma yake
mbao ilikuwa nyeusi ti, ingali mpya,
kivuli cha mbili ambacho jua halikukifikia.
Mlimokuwa na tarakimu za akiba, ndani ya droo,
tatu zilikuwa mbili tu. Hazikutosha.
Kufika Novemba alikata nne
kwenye kalenda ya chakula cha kuku.

Bwana Thawi alikuja na karatasi zake ndani ya mfuko wa mchele.
Deni lake halikuongezeka hata senti.
Hilo ndilo lililomtisha: dola zilezile,
kwa mapipa yaleyale ya rangi ya zambarau,
na yeye amekuwa nusu ya mtu.
Ng'ambo ya barabara Malai aliwauzia wageni hariri
mpaka rafu zikabaki tupu,
akificha meno kila Thawi alipopita.

Walioifunga sarafu walisema: uthabiti.
Walioifungua walisema: uthabiti.
Rachawadi hakuwa na neno, alikuwa na stuli.

Januari aliitafuta tano ya kuanzia, hakuipata.
Akaing'oa ileile ya zamani,
iliyokaa miaka yote kulia kwa mbili,
akaihamishia kushoto.

Thawi alisimama chini, kofia mkononi.
"Na kesho?"
Akamvutia droo aione:
sifuri mpaka tisa, zote zimepanguswa,
hakuna tena yenye vumbi.