Farumi

Bwana Wilf Hetherington wa Seaham alinipigia simu
akinong'ona, kana kwamba mashine ingemsikia.
"Inasema imejaa. Nimeinunua juzi. Haina kitu."

Nikapanda basi kutoka Sunderland na bisibisi zangu,
mvua ya ubavuni, bahari upande wa kushoto
rangi ya maji yaliyokwisha kuoshea vyombo.

Mezani: biskuti, kompyuta mpya, na sidii iliyochubuka,
programu ya njiwa wa mashindano, ya mwaka tisini na saba.
Namba za pete, mbio, upepo, dakika na sekunde.
Marehemu mkewe, Doreen, ndiye aliyekuwa akiandika;
yeye kazi yake ilikuwa kusimama bandani
akitazama juu.

Nikabofya. Kikatoka kisanduku cha kijivu:
Nafasi haitoshi. Zinahitajika megabaiti kumi na nne.
Zilizopo: hasi bilioni moja na ushei.

Hasi!
Debe tupu nimelisikia likivuma,
sijapata kulisikia likilia kwamba limeshiba
hadi linadaiwa.

Nilifanya yale tunayoyafanya sote kwanza.
Zima, washa. Mwaga pipa la taka.
Futa mafaili ya muda, ambayo hayakuwepo.
Nikajaribu hata kuipuliza sidii, mzee akaniangalia tu.
Gigabaiti mia nne themanini na tatu, nyeupe, zimelala,
na kisanduku kinarudia lilelile.

Ndipo nikachora saa nyuma ya bahasha ya bili ya gesi.
"Aliyeitunga hii," nikamwambia, "alipewa kibaba,
na diski za siku zile zilikuwa vifuko: kibaba kilitosha.
Wewe umemletea ghala.
Anahesabu mpaka mshale unazunguka, anaanza upya,
na ukimkuta umevuka nusu ya uso wa saa
anadhani ni deni.
Haongopi. Kwetu saa moja ni jua linachomoza,
kwako saa hiyohiyo ni saba. Mshale ni uleule."

Akatafuna biskuti. "Sasa tununue kubwa zaidi?"

"Hapana. Tuipunguze. Tuitie mzigo kidogo,
mshale usogee upande anaoujua."

Mkobani nilikuwa na flashi, na ndani yake
harusi ya dada yangu Mwanaidi, Muheza, saa tatu nzima,
gigabaiti mbili na nusu kasoro,
vigelegele, mpiga picha aliyependa mno viatu vya watu.
Nikainakili. Nikaipa jina: farumi.
"Ni nini hicho?"
"Mawe ya kutuliza meli isiyo na shehena."
Akacheka. Babu yake alizipakia makaa hapo chini bandarini;
mawe ya namna hiyo aliyajua bila kulijua neno langu.

Nikabofya tena. Programu ikajifungua
kama mlango ambao haukuwa umefungwa kamwe.
Tukaingiza nakala ya zamani, na kwenye safu ya maoni
maneno ya Doreen, mafupi, bila nukta:
jike la kijivu siku tisa toka Ufaransa
W. amekataa kula
amerudi amelowa W. analia asema ni mafua

Bwana Hetherington akavua miwani.
Akauliza kama chai yangu imepoa.

Nilimwonya, nikabandika na karatasi kwenye skrini:
USIGUSE FARUMI.

Jumanne simu. Ananong'ona tena.
Mjukuu, mtoto mwema, alikuja Jumapili,
akaona faili kubwa asilolielewa, akamfagilia babu yake.
Sasa mashine ni safi kabisa
na imejaa.

Nikaitafuta flashi chini ya risiti.
Dada yangu ataolewa tena, Seaham, Alhamisi,
saa tatu asubuhi;
kwa saa ya Bwana Hetherington, tisa.