Ukurasa wa Arobaini na Saba

Pijo ya mwaka sitini na nane, pikapu,
rangi yake ilikuwa maziwa
kabla jua la Nyakato halijaigeuza chai.
Gia ya tatu inaingia, inakaa kidogo,
kisha inatoka yenyewe
kama mgeni aliyekumbuka ana nyumba nyingine.

Giaboksi nimeifungua mara mbili.
Mara mbili nimeifunga bila kujua nilichokiona,
maana chuma kilichoshikana na chuma
hakikwambii nani alitangulia kuingia.

Nikaanza kutafuta kitabu.
Si cha kusoma, cha kutazama:
kile ambacho kila kifaa kimetolewa kwa mwenzake
na kuachwa hewani,
pete, pini, springi, tena pete,
kwenye mstari wa nukta,
ukoo mzima umesimama kupigwa picha
na kila mmoja kapewa namba.

Makoroboi wakaniuzia kitabu cha trekta.
Igogo, Lugembe wa beringi akanicheka:
"Dada, huku tunasoma kwa vidole."
Kirumba kijana akanionyesha kurasa nne kwenye simu,
zina ukungu kama zimepigwa picha ndani ya ziwa.
Hii ni nane au tatu?
Ukikosea tarakimu moja
unaletewa goti la gari lingine.

Mwishowe Pasiansi, kwa Bibi Nyanjige,
mjane wa mtunza stoo wa kiwanda cha pamba.
"Kitabu kipo," alisema,
"kinazuia mlango usigonge. Mwaka wa kumi sasa."
Akakiokota sakafuni, akakipangusa kwa upindo wa kanga.

Kifaransa kimepigwa chapa katikati,
na pembeni, kwa penseli, Kiswahili cha marehemu:
*Hii ukikaza sana inalia.*
*Nati hii inafunguka kinyume, usigombane nayo.*
*Niliazima Shinyanga. Sikurudisha.*

Nikafunua. Arobaini na sita, klachi.
Arobaini na nane, difu.
Katikati, mabaki ya karatasi iliyong'olewa,
ufizi usio na jino.

Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyeinuka,
akarudi na bahasha ya hospitali.
"Aliichana mwenyewe. Alilala nayo Bugando, wodini.
Madaktari wakimuuliza panauma wapi,
anaifungua karatasi, anagusa:
hapa, namba kumi na tisa."

Kumi na tisa ilikuwa na duara,
penseli imepita juu ya penseli
mpaka karatasi imeanza kutoboka.

Mimi yangu ilikuwa ishirini na mbili.
Springi inayosukuma gololi,
chini ya bolti niliyodhani ni ya kumwagia oili.
Springi moja.
Nikaitazama tena. Moja.
Na mimi nilikuwa nimetoa mbili fupi,
nimezifuta, nimezirudisha zote mbili
kwa heshima, kila moja nikidhani imezaliwa hivyo.
Ilikuwa imekatika tangu sijui lini,
na mimi nikaitunza kama pacha.

Nilicheka peke yangu. Bibi akaniangalia
kama mtu anayeangalia redio iliyojiwasha.

"Kitabu chukua," akasema. "Karatasi niachie."
Nikaomba penseli. Nikainakili pale pale,
kila pete, kila pini, jasho likidondokea pembeni,
na nilipofika kumi na tisa nikaipita bila duara,
haikuwa yangu.
Nilipomaliza, nikarudi, nikaizungushia.

Springi mpya Lugembe aliikata kwenye springi ya mashine ya kusaga,
akaijaribu kwa vidole vyake visivyosoma, akasema ndiyo.
Kupanda kilima cha Bugando
gia ya tatu ilikaa. Mkono wangu ulibaki juu yake
kwa mazoea, kama unashika mlango wa mtu.

Kesho yake nikampelekea Nyanjige jiwe.
Mwanza jiwe si zawadi, yamejaa mpaka ziwani.
Ila hili nililichagua
asubuhi nzima.